Toroli za Mombasa: Reli Iliyofika Mlangoni kwa Wakubwa

Tunapojadili usafiri wa Mombasa siku hizi, reli ya mjini huzungumzwa kama jambo geni. Si geni. Kisiwa hiki kilikuwa na reli zake za mitaani zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza ya IBEA ilianza kutandika reli nyembamba, upana wa futi 2, ikaipa jina kubwa: Central African Railway. Ilikusudiwa kwenda bara, ikaishia kama maili 7 tu. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa 1896, ilichagua upana wa mita moja. Vyuma vile vyembamba vikapata kazi nyingine kisiwani: kupitishia toroli.

Toroli ilikuwa kiti juu ya magurudumu manne, na paa la kukinga jua. Haikuwa na injini wala mnyama wa kuivuta. Waliosukuma ni wanaume wa Kiafrika, wakikimbia nyuma yake juani. Njia ilitoka upande wa Mji wa Kale hadi Kilindini, na matawi yakaingia hadi kwenye nyumba za maafisa wa serikali. Miaka ya 1920, magari yalipoenea, toroli zikatoweka.

Hapo ndipo penye funzo. Reli ile ilifuata milango ya wenye mamlaka. Aliyesukuma alirudi kwao kwa miguu.

Sasa tujitazame. Tangu 2017 treni ya SGR inamshusha abiria Miritini, nje ya kisiwa. Kwa miaka mingi anayekwenda mjini amekuwa akitafuta matatu au tuktuk. Kwa hivyo kuiunganisha Miritini na stesheni ya kisiwani kwa reli ni jambo la kuungwa mkono.

Lakini tuulize: ratiba itapangwa kwa ajili ya nani? Ikifuata saa za SGR pekee, itamfaa mgeni wa wikendi. Kibarua wa Changamwe anayetakiwa kazini alfajiri atabaki kituoni akingoja matatu. Nauli nayo ilingane na mfuko wake.

Maswali haya tuyapeleke kwenye vikao vya maoni ya umma, na tuyaulize mapema. Reli ikishatandikwa, kuihamisha ni kazi ngumu, na atakayeumia ni yule yule aliyekuwa akisukuma.