Njia za Visimani

Mafuta ya Omani yalianza kupelekwa ng'ambo mwaka 1967, na wamo katika majangwa ya Fahud na Yibal jamaa zetu wa asili ya Unguja waliotafuta huko riziki zao. Na mtu wa mbali, akiwawazia, hudhani moto ndio adui wao wa pekee, ilhali barabara nayo ina khatari kubwa. Usiku yuko ngamia, ambaye kwa urefu wa miguu yake taa humwangaza magotini tu, na akigongwa, kiwiliwili chote huangukia kioo, palipo na vichwa vya watu. Visimani nako huweza kutoka gesi ya haidrojeni salfaidi, inukayo mayai viza: harufu ikitoweka ghafla usifurahi, kwani yumkini imezidi hata ikaiua pua, elekea upande upepo utokako, wala usishuke bondeni, maana ni nzito kuliko hewa. Ama dereva aliyesinzia barabarani, kwa rai yangu, asilaumiwe kabla hajaulizwa msimamizi wake ni nani aliyempangia safari isiyo na nafasi ya kulala.