Waini ya Puglia Ina Jina, Muratina Yetu Ina Kesi

Wasee wa Makutano, leo nitawakasirisha kidogo.

Ukiingia kwa joint ya nyama hapa Meru, ama kule Makutano ya kuelekea Embu, utapata mbuzi choma mezani na kando yake waini tamu ya bei ya chini, imejazwa barafu. Picha, status, imeisha hiyo. Sasa jaribu kuuliza kama kuna muratina. Utaangaliwa kama umeuliza bangi! Yaani cha nje ni maisha ya juu, cha nyanya ni kesi kwa chifu. Hapo ndipo mimi nakataa.

Hebu tuangalie hao tunaowaiga. Primitivo ni waini nyekundu ya Puglia, kwa kile kisigino cha Italia. Ni nzito na kali. Ile ya Manduria lazima ifike angalau asilimia 13.5 ya kilevi. Lakini zamani ilikuwa ya kuchanganya tu. Ilisafirishwa kwa wingi, bila jina, kwenda kaskazini mwa Italia na Ufaransa kuongezea nguvu waini za watu wenye majina. Kisha 1974 Primitivo di Manduria ikapata DOC, yaani kibali kinachosema imetoka hapa na imetengenezwa hivi. Zabibu ni ile ile, ila sasa jina linalindwa na sheria.

Na wanakunywa na nini? Nyama choma, buda! Kule Cisternino unaingia bucha, unachagua nyama, mwenye bucha anakuchomea hapo hapo. Wanapenda bombette, vipande vya nguruwe vilivyokunjwa na jibini ndani. Toa jibini, weka mutura pembeni, uniambie kama hiyo si Makutano.

Inaingiana kwa sababu mafuta na moshi vinataka kinywaji chenye uzito. Ile waini tamu ya barafu inamezwa na moshi, unabaki na ladha ya sukari. Lakini ukinywa Primitivo, punguza pilipili kwa kachumbari, kwa sababu kilevi kingi kinazidisha moto mdomoni.

Sasa muratina. Asali, maji, na lile tunda la muratina lililokaushwa, ambalo linabeba hamira. Ina utamu wa asali na uchachu unaokata mafuta ya mbuzi. Wazee waliinywa kwa ruracio wakila hiyo nyama kabla hatujajua neno waini. Kwa hivyo tusijifanye ati pairing tulifunzwa na Wazungu.

Najua mtasema pombe za kienyeji zinaua. Sawa, tuongee. Mei 2014 Embu ilizika watu na wengine wakapofuka. Kilichowamaliza ni methanoli. Februari 2024 ikawa Kangai, Kirinyaga, pombe yenye sumu tena. Methanoli si asali. Na ndiyo, kuna wauzaji wanaoharibu muratina kwa sukari na madawa ya kuharakisha. Hao ndio sababu ya kuweka viwango! Ukimwaga mtungi wa mama anayetumia asali safi, na huku sumu inauzwa kichochoroni usiku, umemlinda nani?

Kaunti za Meru na Embu zina wafugaji wa nyuki. Wapeni watengenezaji leseni wanayoweza kulipia, pimeni kila mtungi, wekeni jina la mahali kwa chupa, na mwenye kudanganya ashikwe. Puglia haikuokolewa na msako wa polisi.

Na wewe wa chini ya 18, kula mbuzi na soda. Hata wazee hawangekupa hiyo pembe.

Wengine, next time unajipiga picha na waini ya mtu wa Manduria, kumbuka yeye alipigania jina la kwao. Sisi la kwetu tunaliitia chifu.