Dracula Halali, Nunda Haramu?

Kuna kauli tumeichoka. Kila zinapotajwa hadithi za majini, mizimu na mazimwi katika mikusanyiko yetu huku ugenini, hakosi kutokea mkubwa mmoja akasafisha koo na kusema kwamba hayo ni mambo ya kizamani, ni ushirikina, tusiwafunze watoto, na tena wenyeji wetu wakisikia watatuonaje? Sasa kauli hiyo imezaa. Darasa moja la Kiswahili la Jumamosi limeiondoa hadithi ya nunda mla watu katika masomo ya watoto, na mahali pake wamewekewa majina ya matunda na habari za kupiga mswaki. Watoto haohao wakirudi nyumbani jioni wanakuta wamenunuliwa Harry Potter, na Dracula yuko kwenye televisheni. Sisi tunauliza: kwa nini cha Mzungu kiwe fasihi na chetu kiwe ushirikina?

Natuanze na huyo Dracula, maana ndiye mwenye heshima. Bram Stoker, mtu wa Ireland, alimtoa mwaka 1897. Wengi wetu tunamjua kwa sinema, yaani meno na joho. Ukikisoma kitabu chenyewe utakutana na mhamiaji. Kabla hajafunga safari amekwisha kusanya vitabu vya Kiingereza, ramani, hata ratiba za treni. Anamtaka mgeni wake, wakili Harker, amsahihishe matamshi, kwa sababu hataki akifika London watu wageuke kumtazama kila akifungua kinywa. Anasafiri na masanduku 50 ya udongo wa kwao, kwani pasipo udongo huo hapati usingizi. Nani katika sisi asiyemtambua mtu huyo? Masanduku yetu yana dagaa, bizari na halua, lakini usingizi ni uleule.

Na wanaompiga vita je? Ni madaktari na mawakili, wenye taipureta na mashine ya kunasa sauti, na mkono wa pili wameshika vitunguu thaumu na msalaba. Hatujasikia hata siku moja Profesa Van Helsing akiitwa mshirikina. Angekuwa mzee wa Pemba anafukiza ubani, tungemwonea haya.

Mwaka mmoja kabla ya kitabu hicho, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilikuwa zinalipiga mizinga jumba la Sultani pale Unguja, kazi ya dakika 40 hivi. Miaka miwili baadaye, 1898, H. G. Wells akatoa kitabu chake cha watu wa sayari ya Mirihi wanaoishukia Uingereza kwa silaha zisizozuilika. Katika sura ya kwanza kabisa Wells anawakumbusha Waingereza wenzake yaliyowafika watu wa Tasmania. Wakubwa wale walikuwa wanaota usiku yale waliyokuwa wakiyatenda mchana, na ndoto hizo leo zinasomeshwa vyuo vikuu.

Sasa turudi kwa nunda wetu. Hadithi hii si ya jana. Askofu Edward Steere aliikusanya Unguja na kuichapisha London mwaka 1870, miaka 27 kabla ya Dracula. Sultani Majnuni ana paka. Paka anakula ndama, watu wanakuja kushitaki, na sultani anawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi wana shida gani? Paka anapanda kutoka mnyama hadi mnyama, mpaka anafika kwa binadamu, na jibu la jumba ni lilelile. Siku anapowala wana wa sultani mwenyewe ndipo mzee anafumbua macho na kukiri kwamba huyu si paka tena. Tuambieni, enyi mnaosema hiyo ni hadithi ya kitoto: serikali ngapi mmeziona zikifuga paka wa namna hiyo? Na anayekwenda kumwua ni kitinda mimba aliyekuwa akidharauliwa kwa kukaa jikoni! Mtoto anayeitwa mgeni shuleni kwake angeishika hadithi hii kwa mikono miwili.

Kuna na mumiani. Mnyonya damu wa Ulaya ni mwinyi, anakaa ngome mlimani. Wa kwetu, wakati wa ukoloni, alisemwa kuwa mwajiriwa wa serikali: mzimamoto, mwenye gari na sare, anayekamata watu usiku damu yao ikatengenezwe dawa. Mwanahistoria Luise White aliziandikia habari hizo kitabu kizima mwaka 2000. Wageni wanavitazama vitisho vyetu kama hazina, na sisi tunavifagia chini ya mkeka.

Waandishi wetu walio bora hawakufagia. Said Ahmed Mohamed, Mpemba aliyefundisha miaka mingi huko Bayreuth, Ujerumani, alimtoa mzee kaburini katika Babu Alipofufuka (2001) aje amsumbue mjukuu aliyelewa madaraka. Kyallo Wamitila katika Bina-Adamu! (2002) akamchukua Peter Pan, kipenzi cha watoto wa Kiingereza, akamgeuza kuwa nguvu inayoharibu dunia. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi ni ngumu, hatukatai, lakini wanaozilalamikia wengi wao hawajavuka kurasa kumi.

Tutajibiwa kwamba Bwana Msa alikwisha kuyamaliza mambo haya. Kweli, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) Muhammed Said Abdulla anaonyesha kuwa muuaji ni mtu, si mzimu. Lakini uondoe ule mzimu uone kama kuna atakayemfuata Bwana Msa na kiko chake hadi mwisho.

Hoja moja ya wapinzani wetu ni nzito, na hatutaikimbia. Wanasema imani hizi zinaua. Ni kweli kwamba Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo Tanzania na Burundi. Hilo si jambo la mzaha. Lakini wauaji wale hawakusoma nunda. Walimsikiliza mganga aliyewauzia utajiri. Mtoto aliyezoea hadithi tangu udogoni anajua pale inapoanza, paukwa, pakawa, na pale inapokwisha. Aliyenyimwa hadithi akakuta hofu tupu ukubwani, huyo ndiye wa kuuziwa chochote.

Isitoshe, lugha. Hatujaona mtoto wa ugenini aliyebaki na Kiswahili kwa sababu ya majina ya matunda. Tumewaona waliobaki nacho kwa sababu bibi aliikata hadithi njiani, akasema kesho, na kesho yake bibi hajui Kiingereza.

Kwa hiyo tunawataka walimu wa darasa lile wamrudishe nunda muhula ujao. Wasipotaka, nakala tunazo mbili. Tutawasomea watoto sisi wenyewe, Jumamosi hiyohiyo, baada ya magharibi na taa tukizipunguza kidogo. Wazee wanaopenda matunda wanakaribishwa kuja nayo.