Sumu ya nge: yaua vijidudu, yapasua na damu

Tukimwona nge chini ya jiwe, mara twamponda, wala hatuulizi neno. Ni haki, kwa maana tunawahofia watoto. Walakini wenye elimu wamegundua kwamba sumu ya nge wengine huua vijidudu viletavyo magonjwa. Je, yaweza kuwa dawa?

Tumtazame nge mkubwa mweusi wa Ghana, Togo na Nigeria. Urefu wake waweza kufika sentimeta 20; kumbe sumu yake si kali sana kwa mtu mzima! Mwaka 2001 wataalamu walieleza proteini fupi mbili zilizotolewa katika sumu hiyo: pandinini ya 1 na pandinini ya 2. Zote mbili ziliua bakteria, kwa kutoboa ngozi yao nyembamba, kama vile mtu atoboavyo kiriba cha maji. Yaliyomo humwagika, na bakteria hufa.

Shida ni kwamba chembe nyekundu za damu, zinazochukua hewa safi toka mapafuni na kuieneza mwilini, nazo zimefungwa katika ngozi nyembamba. Pandinini ya 2 ilipotiwa katika chembe za damu ya kondoo, ilizipasua. Ile ya 1 haikuzipasua. Zatoka katika tone moja la sumu, na tabia zao ni mbalimbali!

Kupasuka kwa damu si jambo la kuchezea. Huko Khuzestan, katika nchi ya Irani, yuko nge ambaye mwiba wake hauumizi sana mwanzoni. Mtu hulala bila wasiwasi. Baadaye mkojo wake wageuka mwekundu, na mafigo yaweza kushindwa kazi. Watoto ndio walio katika hatari kubwa. Kwa hiyo mtoto aliyechomwa na nge, hata asipolia sana, apelekwe hospitali upesi. Tusichanje jeraha wala kulinyonya.

Kazi ya wataalamu, basi, ni kutafuta kitu kiuacho kijidudu na kuiacha damu salama. Mwaka 2019, katika sumu ya nge mmoja wa Mexico, walipata vitu viwili ambavyo hewa huvigeuza rangi, kimoja chekundu na kimoja cha buluu. Kile cha buluu kiliua vijidudu vya kifua kikuu katika panya, pasipo kuharibu mapafu yao. Toka panya hadi mgonjwa, njia ingali ndefu.