Maoni Yetu: Baiskeli ipewe njia yake ndani ya miti

Septemba 2025 waendesha baiskeli hodari duniani walishindana Kigali, mara ya kwanza kwa mashindano hayo ya dunia kuja Afrika tangu yaanze mwaka 1921. Walipanda vilima vyenye barabara za mawe, watu wakajaa kando ya barabara, na jirani zetu wa ng'ambo ya mto Kagera wakapata sifa waliyoistahili. Sisi tunawaonea wivu kwa jambo jingine, dogo zaidi na la kila siku, nalo ni bustani ya Nyandungu.

Nyandungu ni bonde la kinamasi la hekta 121 ndani ya jiji la Kigali. Lilikuwa limeharibika. Likasafishwa, likapandwa miti ya asili, likatengenezewa njia za miguu na za baiskeli zenye urefu wa kilomita 10 hivi, kisha likafunguliwa kwa umma mwaka 2022. Mtu anakanyaga pedeli zake taratibu kati ya miti na mabwawa bila kupigiwa honi.

Huku kwetu mkoani Kagera baiskeli si mchezo wa Jumapili. Ndiyo gari la ndizi. Mtu wa Kaagya, Bukoba Vijijini, au wa Kamachumu kule Muleba, hufunga mikungu kwenye keria, akausukuma mzigo mlimani kwa nguvu za mabega, na kwenye mteremko akabaki kuomba breki zishike. Kuna wanaobeba dagaa kutoka mialoni, kuna wa madumu ya maji, na kuna mwanafunzi aliyempakia mdogo wake. Wote hao wakifika barabara kuu wanabanana na basi la Mwanza, lori la Mutukula na bodaboda isiyojua kusema samahani. Lami ikifika kijijini tunapiga vigelegele, na tuna haki. Lakini lami hiyo hiyo huongeza mwendo wa magari, na mwenye baiskeli husogezwa pembeni hadi kwenye mtaro.

Tunachopendekeza ni njia moja ya majaribio, kilomita tano au sita, upana wa mita mbili na nusu, iliyosakafiwa vizuri, ipite ndani ya miti kutoka vijijini kuelekea sokoni, na pikipiki isikanyage humo.

Wapo watakaotaja Minziro mara moja. Hapana. Msitu ule wa Missenyi, mpakani na Uganda, ni mali adimu. Una ndege na miti ya misitu ya Kongo ambayo kwingine Tanzania huipati, na sehemu kubwa ya ardhi yake hufunikwa na maji msimu wa mvua. Kumwaga saruji mle ni kuharibu kile tunachotaka watu wakione. Burigi-Chato nako tusiende. Hifadhi hiyo ya taifa, iliyotangazwa mwaka 2019, ina tembo na nyati, na nyati hajali kengele ya baiskeli.

Mahali pake ni rweya. Yale majani yaliyotenganisha kijiji na kijiji, tulikochungia ng'ombe na kukata nyasi za kuezekea na za kutandaza migombani, leo kwa kiasi kikubwa yamegeuka misitu ya mipaina na mikaratusi. Mingine ni ya serikali, kama Shamba la Miti Rubare lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mingine ni ya vijiji, shule, parokia na watu binafsi. Si misitu ya ajabu. Ina kivuli, ina harufu nzuri mvua ikikatika, na watu tayari wanakatiza humo kwa vijia vyao.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba shamba la miti linalotunzwa vizuri huwa na mikuza ya kinga moto. Hufyekwa kila mara ili moto wa kiangazi ukija usivuke. Sakafu ya mita mbili na nusu katikati ya mkuza huo haihitaji kukata mti hata mmoja, na moto ukizuka, wazima moto wana pa kupita. Mwenye shamba hapotezi kitu. Tunashangaa kwamba wazo hili halijasikika kwenye vikao.

Wapenda mazingira watauliza kwa nini isakafiwe, kijia cha udongo kina ubaya gani. Jibu liko angani. Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kijia cha udongo mteremkoni hugeuka korongo baada ya masika moja. Mwenye baiskeli hulikwepa korongo na kuanzisha kijia kingine, nacho kikiharibika anahamia cha tatu, na miche inakanyagwa. Sakafu huwaweka watu wote kwenye mstari mmoja. Tungependa itumie vitofali vya saruji vilivyopangwa juu ya mchanga. Maji hupenya kati ya kitofali na kitofali, na kimoja kikivunjika fundi hukibadilisha kwa mkono, hakuna katapila linaloitwa. Mawe tunayo kila mahali, tusirubunike nayo: barabara ya mawe kama zile za vilima vya Mwanza inalifaa gari, lakini mkungu wa ndizi utafika sokoni umeshaiva kwa kutikiswa.

Vitofali hivyo vifyatuliwe hapa hapa. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kinachokopeshwa kisha kikapewa zabuni ya kazi ya hakika kina uwezo wa kurejesha mkopo. Kinachokopeshwa na kuambiwa kikatafute biashara, tumeshaona mwisho wake.

Usalama ndiyo hoja nzito. Mama atapitaje peke yake kwenye miti saa kumi na mbili asubuhi? Karura ya Nairobi, ambayo Wangari Maathai alipigwa akiitetea mwaka 1999, ilikuwa pia msitu wa kuogopwa. Kilichoubadilisha ni uzio, walinzi waliotoka katika jamii za jirani, na watu wengi kuingia kutembea, kukimbia na kukodi baiskeli. Uzio sisi hatuuwezi, wala hatuuhitaji kwa kilomita tano. Walinzi wa kijiji asubuhi na jioni tunawaweza, na upandaji wa vichaka ukatazwe hatua kadhaa kutoka ukingoni mwa njia ili mtu aone mbele na pembeni.

Kwa kiingilio tunaachana na Kigali. Nyandungu hutoza, na mjini wanaweza. Hapa mgeni anayekodi baiskeli alipe, na tunatumaini watakuja wengi kutoka hoteli za ufukweni Bukoba. Anayepita kwenda sokoni, shuleni au zahanati asidaiwe hata shilingi. Siku atakaposimamishwa mama mwenye ndizi na kijana mwenye mashine ya risiti, atageuza baiskeli arudi kwenye malori, na njia itabaki ya kupigia picha.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na madiwani hukaa kwenye bajeti miezi kadhaa kabla ya hapo. Hatuombi mfadhili wala ziara ya mafunzo ng'ambo. Barua ya kwanza ni ya ukurasa mmoja, kutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri kwenda kwa mhifadhi wa shamba la miti, ikiomba ruhusa ya kuusakafia mkuza mmoja, na nakala yake iende kwa meneja wa wilaya wa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ili asije akasema hakuambiwa.