Mwache aigize, umsikie

Mzazi mwenzangu wa Dodoma, ukimuuliza binti habari za shule akajibu "nzuri" tu, usikate tamaa.

Profesa Amandina Lihamba, mzaliwa wa Morogoro, ameandika na kuongoza michezo ya kuigiza, na ameigiza katika filamu ya Maangamizi. Mwaka 1996, wakiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yeye na Profesa Penina Mlama walianzisha Tuseme. Wasichana wa sekondari waliigiza yanayowakwamisha masomoni, watu wazima wakitazama. Jambo gumu kulitamka mwenyewe, mhusika wa mchezo hulisema.

Leo baada ya ugali, mwambie aigize siku moja ya shuleni. Usimkatize, usimkaripie. Ukisikia jambo zito, mshukuru kwanza, kisha kesho lifuatilie.