Asilimia Tatu ya Nini?

Musompo, nje kidogo ya mji wa Kolwezi katika jimbo la Lualaba, Kongo, gunia la kobalti hupimwa mara mbili. Mzani hutoa kilo, na ukichezewa mchimbaji atashuku, kwa kuwa mzigo ameubeba mwenyewe. Kisha mnunuzi wa depo, yaani duka la kununulia madini, huelekeza kwenye mawe kifaa cha mkononi kinachoitwa Metorex, na kwenye kioo chake hutokea namba: 3. Bei hufuata namba hiyo.

Namba yenyewe ni tupu, haina kilo wala mita. Ni uwiano, kilo ngapi za kobalti katika kilo mia za mawe, na hakuna jicho wala mkono unaoweza kuuhakikisha. Ikisomeka 2 badala ya 3, tofauti itaonekana kuwa moja tu. Lakini gunia la kilo 50 lenye asilimia 3 lina kilo moja na nusu ya kobalti. Lenye 2 lina kilo moja. Hiyo "moja tu" imekula theluthi nzima.

Je, tuachane na kifaa, tununue kwa rangi ya jiwe? Sikubali. Uwiano ndio unaomwezesha mchimbaji wa Kasulo kulinganisha mawe yake na ya machimbo ya Mutoshi. Ubaya ni kwamba anayepima ndiye anayenunua. Mionzi ya kifaa husoma uso wa jiwe tu, na jiwe lenye maji husomeka chini. Basi anayechagua pa kuelekeza amechagua na namba. Mwaka 2016 Amnesty International walikwisha kuandika kwamba wachimbaji hawana njia ya kuhakiki wanachoambiwa.

Serikali nayo huongea kwa asilimia. Tangu 2018 mrabaha wa kobalti ni asilimia 10 ya thamani ya madini, na kwa sheria asilimia 15 ya mrabaha huo huenda kwa serikali za mitaa penye mgodi. Wengi husikia 15 wakafurahi. Ni 15 ya mrabaha, si ya madini: dola moja na nusu kwa kila dola mia za madini. Asilimia isiyotajiwa ni ya nini, mimi siihesabu kuwa habari.

Kwa hiyo naiomba serikali ya Lualaba: kila penye depo pawe na mpimaji asiyenunua, mawe yakaushwe na kupondwa mbele ya mchimbaji, naye apewe karatasi yenye kipimo kabla bei haijatajwa.